Chukudu na mwenye kuisukuma: historia ya kazi inayopita mlangoni kila siku

KATOYI, GOMA. Saa kumi na moja na nusu za asubuhi, kabla motari hawajaanza kupiga honi, wakaaji wa mtaa wa Katoyi husikia kwanza mlio wa mbao juu ya mawe. Chombo kinarukaruka juu ya mawe meusi ya volkano, kinanyamaza kidogo kwenye mavumbi, kisha kinalia tena. Mama anayefagia mbele ya nyumba anasogea ili kipite. Watoto wanaokwenda kuteka maji wanasimama pembeni na bidoni zao. Chukudu inapita ikiwa na magunia ya viazi, au mashu, au mbao ndefu za kujengea, na nyuma yake kuna mtu aliyeinama, jasho likimtiririka ijapokuwa asubuhi bado ni ya baridi.

Chombo chenyewe kila mtu anakijua. Mtu anayekisukuma hajulikani. Ametoka kijiji gani, aliamka saa ngapi, mzigo ule ni wake au wa tajiri, na jioni atarudi kwa nani? Maswali hayo huulizwa mara chache sana, ingawa yeye hupita kila siku mbele ya mlango uleule.

Ndugu msikilizaji, historia ya chukudu ni historia ya barabara za Kivu ya Kaskazini kwa miaka hamsini. Ndani yake kuna umaskini, kuna akili ya mikono, kuna vita na kuna moto wa Nyiragongo. Ni vizuri isimuliwe wakati huu, maana Katoyi na mitaa mingine ya Goma imejaa watu waliokimbia vita, na wao pia hupita mlangoni kila siku bila kuulizwa wanajua kufanya nini.

Chombo kilichozaliwa wakati wa shida

Chukudu ilianza kuonekana katika jimbo letu miaka ya 1970, nchi ikiitwa Zaire. Kuelewa kwa nini ilizaliwa wakati huo, lazima kukumbuka mambo mawili yaliyotokea karibu kwa pamoja.

La kwanza, tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Mpango huo uliitwa zairianisation. Maduka, mashamba makubwa na magari ya kubeba mizigo vilipewa watu ambao wengi wao hawakuwa wafanyabiashara. Baada ya muda mfupi, maduka mengi yalikuwa matupu, na gari lililoharibika halikupata tena kipuri.

La pili, bei ya mafuta ilipanda duniani tangu mwishoni mwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka. Shaba ndiyo iliyoleta pesa za kigeni nchini. Bila pesa hizo, mafuta na mipira ya magari vikawa adimu, na barabara zikaanza kuharibika bila mtu wa kuzitengeneza.

Mkulima wa Kibumba au wa Rutshuru alibaki na mavuno yake. Udongo wa kule, unaotokana na volkano, huzaa sana. Viazi, mashu, karoti, maharagi na mtama vilikuwepo, na mji wa Goma ulikuwa unavihitaji. Lakini lori halikuja. Kubeba gunia kichwani au mgongoni kwa kilomita ishirini na zaidi kunawezekana mara moja, mara mbili, lakini hakulishi familia.

Watu wa milimani walikuwa na miti, mapanga na nyundo. Walitengeneza chombo cha magurudumu mawili ambacho hakihitaji mafuta wala kipuri cha kutoka ng'ambo. Wengi husema jina lake ni mlio wake tu, sauti ya mbao ikigonga mawe. Ng'ambo ya mpaka, kwa majirani zetu wa Rwanda, chombo cha jamii hiyo huitwa igicugutu, na sikio linasikia wazi kwamba majina hayo mawili ni ndugu.

Hata mbali sana na hapa watu wamefikia jambo kama hilo. Huko Ufilipino, katika milima ya Ifugao, kuna wachongaji wanaotengeneza baiskeli za mbao zisizo na pedali, wakishuka nazo kwenye miteremko. Milima, miti na ukosefu wa gari vimefundisha watu wa pande mbili za dunia somo moja.

Wakongomani wana usemi wa zamani, Artikle 15, wenye maana ya "jitafutie mwenyewe." Usemi huo hutajwa kwa mzaha, lakini nyuma ya mzaha kuna uchungu. Unamaanisha kwamba aliyepaswa kusaidia hakuja. Chukudu ni Artikle 15 yenye magurudumu.

Mti, mipira na kandambili

Anayeiona kwa haraka hudhani ni mbao mbili zilizopigiliwa misumari. Anayesimama na kuangalia ataona kazi ya fundi.

Ubao mkubwa wa kubeba mzigo, wenye urefu wa mita mbili hivi, huchongwa kutoka mti mgumu. Mti unaoitwa mumba unapendwa kwa nguvu zake, na mkaratusi hutumika sana kwa sababu unapatikana kwa urahisi zaidi. Ubao huo huinama kidogo ili uzito ukae katikati. Mbele kuna nguzo inayoshika usukani, ambao una umbo la pembe za ng'ombe, mpana wa kutosha ili mikono miwili iweze kushindana na uzito kwenye kona.

Magurudumu ni ya mbao, yaliyochongwa kwa duara na kuvikwa mpira uliokatwa kutoka mipira ya magari iliyochakaa. Katikati ya gurudumu huwekwa rulema ya chuma iliyotolewa kwenye gari bovu. Hapo ndipo gari lililokufa linapoendelea kufanya kazi.

Juu ya ubao, karibu na nyuma, kuna kipande laini cha sponji au cha kandambili za zamani kilichopigiliwa misumari. Mtoto wa mjini hudhani ni pambo. Ni mahali pa goti. Mwenye chukudu huweka goti moja hapo, na mguu wa pili unasukuma ardhi. Bila kipande hicho, goti lingechubuka kabla ya kufika Kanyaruchinya. Breki nayo ni kipande cha mpira kinachoning'inia karibu na gurudumu la nyuma. Dereva hukikanyaga kwa mguu ili kisugue gurudumu.

Fundi mwenye uzoefu huimaliza chukudu moja kwa siku moja hadi tatu. Ikitunzwa, hudumu miaka miwili au mitatu. Chukudu kubwa hubeba kilo mia kadhaa, na zile kubwa kabisa husemekana kufika kilo 800. Mnamo miaka ya 2000, moja iliuzwa kwa takribani dola 50 hadi 100 za Marekani. Kwa mjini hiyo ni bei ya simu. Kwa kijana wa kijijini ilikuwa ni mwanzo wa maisha, kwa sababu huko Kibumba kijana mwenye chukudu huhesabiwa kuwa mtu mwenye kazi, anayeweza kwenda kuomba mchumba na kusikilizwa.

Kushuka asubuhi, kupanda jioni

Kazi yenyewe inafuata umbo la ardhi. Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, kando ya ziwa Kivu. Nyiragongo, wenye mita 3,470, uko kaskazini ya mji. Barabara ya Rutshuru hupita ubavuni mwa mlima huo, na Kibumba iko juu kuliko Goma. Kwa hiyo mzigo hushuka. Mwenye chukudu huondoka alfajiri au usiku, huchukua mteremko, na mbio zake zinaweza kumshinda hata mwenye pikipiki.

Watu wa mjini huona mbio hizo na kucheka, au kukasirika. Lakini mtu aliye na magunia matano mbele yake kwenye mteremko hana njia ya kusimama ghafla. Akiona mtoto amevuka, lazima achague kati ya kukanyaga breki mpaka mpira uanze kunuka moshi, au kuiangusha chukudu pembeni pamoja na mzigo wa mtu mwingine ambao atalazimika kuulipa. Kelele anazopiga njiani si za ujeuri. Ndizo honi yake.

Akifika sokoni Virunga au Birere, hupakua, hulipwa, hununua chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia, kisha huanza safari ya kurudi. Kupanda, chukudu haimbebi mtu. Mtu ndiye anayeisukuma. Saa zile ambazo wafanyakazi wa ofisi wanarudi nyumbani na motari, yeye bado yuko Kibati, ameinama, akihesabu hatua.

Ndani ya mji kuna wengine ambao hawatoki Kibumba kabisa. Wao hubeba mbao, mawe ya kujengea, simenti, bidoni za maji na magunia ya unga kutoka soko moja hadi lingine. Nyumba nyingi za Katoyi ni za mbao, zimejengwa juu ya mawe ya volkano ambayo gari haliwezi kupita. Mbao hizo hazikufika zenyewe. Mwenye nyumba akigusa ukuta wake, anagusa ubao ambao huenda ulifika kiwanjani kwa goti la mtu asiyemjua.

Miaka ya moto na miaka ya vita

Barabara ya chukudu ndiyo barabara ya historia yetu ya uchungu. Katikati ya Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka na kuingia Goma kwa siku chache tu. Kambi kubwa zilifunguliwa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya watu katika wiki za kwanza. Kibumba hakukuwa na mto wala chemchemi ya kutosha, na ardhi ya mawe ilikataa hata kuchimbwa makaburi. Wenyeji ambao walikuwa wakulima wa mashu wakajikuta katikati ya mji wa mahema.

Baada ya hapo ikaja vita ya 1996, kisha ile iliyoanza tarehe 2 Agosti 1998. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka. Moto wa majimaji ulishuka mpaka katikati ya mji, ukafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kuingia ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi, na zaidi ya laki moja walipoteza makazi. Watu walirudi baada ya siku chache tu, mawe yakiwa bado na joto, wakaanza kujenga juu ya mawe yaleyale. Kazi ya kupasua mawe ya volkano kwa nyundo ili yawe ya kujengea ikawa kazi ya familia nyingi.

Mwishoni mwa Oktoba 2008, vita vilipofika Rutshuru na Kibumba, watu walishuka kwa wingi kuelekea Kibati. Novemba 2012 walishuka tena, kambi ya Kanyaruchinya ikawa tupu kwa siku moja, na tarehe 20 mwezi huo M23 wakaingia Goma kwa mara ya kwanza. Picha zilizochukuliwa katika hama-hama hizo zinaonyesha kitu kilekile: chukudu iliyojaa godoro, sufuria, kuku waliofungwa miguu, na juu ya vyote mtoto au bibi mzee asiyeweza kutembea. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya viazi kiligeuka gari la wagonjwa na la wazee.

Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipasuka tena jioni. Moto ulisimama Buhene, karibu na mji, lakini ulikata barabara ya Rutshuru. Wengine walijaribu kuvuka kwa miguu juu ya mawe ambayo hayajapoa, na kuna waliopoteza maisha kwa kufanya hivyo. Tarehe 27 Mei, serikali iliamuru mitaa kumi ya Goma ihamishwe. Katoyi haikuwa kwenye orodha, lakini wengi wa Katoyi waliondoka pia, kwa sababu ardhi ilikuwa inatetemeka na hakuna aliyetaka kubaki nyuma. Walienda Sake, Minova, Gisenyi, Bukavu. Kila mmoja alikuwa mgeni mahali fulani wiki ile.

Mwishoni mwa Oktoba 2022, Kiwanja na Rutshuru vilipochukuliwa na M23, barabara ya kaskazini ikakatika. Februari 2024 mapigano karibu na Sake yakabana barabara ya Masisi. Bei ya viazi na maharagi mjini ilipanda, na familia nyingi zilianza kula mara moja kwa siku. Hapo ndipo wengi walipojua kwa tumbo kazi ya yule mtu ambaye hawakuwahi kumsalimu. Tarehe 27 Januari 2025 M23 waliingia Goma, na katika wiki zilizofuata kambi za pembezoni mwa mji zikavunjwa. Wengine walirudi vijijini. Wengine wamebaki mitaani, katika nyumba za watu wa kuwapokea, Katoyi ikiwa mojawapo.

Gunia la makala

Ingekuwa rahisi kumsifu mwenye chukudu na kuishia hapo. Lakini kuna gunia moja ambalo hubeba na ambalo lina kesi ndani yake, nalo ni gunia la makala.

Goma hupika kwa makala. Sehemu ya makala hayo hutoka kwenye miti iliyopandwa, na ndiyo maana tangu mwaka 2007 mradi wa EcoMakala umekuwa ukiwasaidia wakulima kupanda miti kwa ajili hiyo. Sehemu nyingine hutoka ndani ya hifadhi ya Virunga, hifadhi ya kwanza ya taifa barani Afrika, iliyoundwa mwaka 1925. Kukata miti humo ni kosa, na faida kubwa ya biashara hiyo imekuwa ikiingia mifukoni mwa wenye silaha.

Katika barabara ileile ya Rutshuru kuna mtu mwingine wa kazi ngumu, mlinzi wa hifadhi. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wameuawa kazini katika miongo hii ya vita. Tarehe 24 Aprili 2020, shambulio karibu na Rumangabo liliua watu 17, kati yao walinzi 12. Wengi wa walinzi ni watoto wa vijiji hivyohivyo.

Hao wawili hukutana njiani. Kwa mlinzi, yule wa chukudu ni mharibifu wa msitu. Kwa yule wa chukudu, mlinzi ni mtu anayemnyang'anya chakula cha watoto. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na kila mmoja ana mke anayemsubiri jioni bila kujua kama atarudi. Mama wa Katoyi anayenunua kopo la makala asubuhi anafaidika na wote wawili, kwa kuwa mmoja humletea moto wa leo na mwingine humtunzia mvua na udongo wa kesho. Kumuuliza mtu habari za kazi yake si lazima kuishie kwa kumkubali. Mtu anaweza kuelewa kwa nini gunia lile lilibebwa na bado akaona kwamba mti ule usingekatwa.

Mtu wa dhahabu na mtu wa jasho

Mjini, kwenye Rond-point Tshukudu, imesimama sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake. Ilijengwa katika miaka ya utawala wa Rais Joseph Kabila kuheshimu kazi hiyo. Wageni hupiga picha mbele yake, maharusi hupita hapo, na jina la chombo cha wakulima likawa jina la mahali ambalo kila motari analijua.

Ni heshima kubwa, maana miji mingi hujenga sanamu za majemadari tu. Lakini mwenye chukudu akipita chini ya sanamu hiyo akiwa na mzigo, motari humpigia honi, dereva humtukana kwa kumchelewesha, na wenye kuomba pesa barabarani hawamwachii. Sanamu haitoki jasho, haizibi njia. Kumheshimu mtu wa dhahabu hakugharimu kitu.

Wenyewe wana vyama vyao vya kusaidiana. Mmoja akivunjika mguu, wengine huchanga. Wanajuana kwa majina na kwa vijiji, wanajua chukudu ya nani ina gurudumu linalolia. Heshima ambayo mji hauwapi, wamejipangia wenyewe.

Katoyi mbili

Wengi wa vijana wa Goma hawajui kwamba kuna Katoyi nyingine. Iko katika eneo la Masisi, ni sekta ya milima na misitu, mbali na barabara kuu, na watu wake wamekimbia makazi mara nyingi kwa sababu ya makundi yenye silaha. Baadhi ya watu wa kule wako Goma. Mtu akiulizwa kwenye mstari wa maji, "Unatoka wapi?" na akajibu "Katoyi," wengine hudhani anatania, au hajaelewa swali.

Swali hilo la "unatoka wapi" lina hatari yake siku hizi. Kwa mtu aliyekimbia, huenda likawa swali la kizuizini, la kutafuta kabila, la kutaka kujua yuko upande gani. Wengi hujibu kwa neno moja na kunyamaza. Lipo swali jingine, jepesi zaidi kwa anayeulizwa: "Kule ulikuwa unafanya kazi gani?"

Majibu ya swali hilo yanaweza kushangaza mtaa. Kati ya waliotoka Masisi wapo waliokuwa wakitengeneza furumaji, ile jibini ya duara inayouzwa mpaka Kinshasa, na wanajua kwa kugusa tu kama maziwa yako tayari. Waliotoka Vitshumbi na Nyakakoma, kando ya ziwa Edward, wanajua kusuka nyavu na kusoma upepo wa usiku. Waliotoka Rutshuru wanajua mbegu za maharagi kwa majina, ipi inaiva haraka na ipi inavumilia mvua nyingi. Wapo wakunga, wapo wafuga nyuki, wapo mafundi wa chukudu.

Katika karatasi za misaada watu hao wote wana jina moja: wakimbizi wa ndani. Jina hilo linasaidia kugawa unga, lakini halisemi lolote kuhusu mikono yao. Mtu aliyekaa miaka mitatu akiitwa kwa jina la shida yake huanza kusahau jina la kazi yake, na watoto wake hukua wakidhani baba alizaliwa akisubiri msaada.

Chukudu inatoa fundisho hapa. Ilitengenezwa na watu wa kijijini wakati mji ulipowasahau. Mji uliwacheka, kisha ukala chakula chao, kisha ukajenga nyumba kwa mbao walizobeba, mwishoni ukawawekea sanamu. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini. Ujuzi ulioingia Goma miaka hii ya mwisho, umelala chini ya mahema na katika vyumba vya nyuma, haufai kungojea muda kama huo.

Barabara iko je?

Kuna salamu ambayo waliozoea barabara ya Rutshuru huitumia. Mwenye chukudu akifika, kabla ya kuuliza bei ya viazi, humwuliza: "Barabara iko je?" Naye hujibu kama amekuta mvua, kama daraja limeharibika, kama kuna kizuizi kipya, kama amesikia risasi upande wa mlima. Kabla simu hazijaenea, habari nyingi zilifika Goma kwa njia hiyo, na hata leo, mtandao unapokatika, mtu aliyepita kwa goti lake mwenyewe ndiye shahidi wa kuaminika.

Kwa familia iliyokimbia Kibumba au Rutshuru na inayofikiria kurudi, jibu lake linaweza kuwa muhimu kuliko tangazo lolote. Yeye ameuona mlango wa nyumba yao. Anajua kama bati bado liko, kama shamba la jirani limelimwa, kama kuna moshi jikoni kwa mtu.

Kesho saa kumi na moja na nusu mbao zitalia tena juu ya mawe ya Katoyi. Atakayekuwa amesimama mlangoni na ufagio anaweza kusogea ili chombo kipite, kama kawaida. Anaweza pia kusema: "Pole na kazi, papa. Barabara iko je?" Kama mteremko unaruhusu, atasimama na kujibu.